Mvutaji anafunga mchana kutwa, usiku anashindwa na nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na kama ni ndefu mniwie radhi, kateni mnapoona panafaa ila msikate pale kwenye Ramadhani maana ndo hoja yenyewe.

Siku hizi nasoma barua za wasomaji wenzangu kuhusu wavuta sigara na karibu zote wimbo ni mmoja, mtu akitaka kuacha anaacha, asiyeacha hana nia, ajikaze tu. Mi ni muuza duka, Ngamiani hapa Tanga, nauza unga, sukari, vocha, sabuni ya kipande, na sigara, tena sigara moja moja. Najua mtacheka, muuza sigara leo anataka kuwasemea wavutaji, lakini nani mwingine anawaona kila siku na kwa saa zao? Daktari anamwona mvutaji akishaanza kukohoa, mkewe anamwona akirudi jioni, mi namwona pale pale mkono unapoingia mfukoni kutafuta hela. Na nia wanayo, tena nyingi mno. Nimeona mtu ananunua moja anasema hii ndo ya mwisho kaka, anamaanisha kabisa, machoni unaona anamaanisha, afu saa kumi jioni yuko tena dirishani anatazama chini.

Chukua mwezi wa Ramadhani sasa. Wateja wangu wengi Waislamu na wanafunga kweli, sio wale wa kujificha nyuma ya nyumba. Mtu siku za kawaida anavuta ya kwanza hajapiga hata mswaki, njiani nyingine, akishakula lazima, jioni barazani ndo usiseme, mtu huyo huyo ikiingia Ramadhani anavuta ya mwisho baada ya daku, adhana ya alfajiri ikilia anazima na hagusi tena mpaka magharibi. Ni masaa kumi na tatu na ushee hayo. Saa saba mchana anapita dukani kuchukua tambi na sukari ya futari, sigara ziko mbele ya macho yake kwenye shelfu, anazitazama kama anavyotazama sabuni. Tunapiga stori, anacheka, anaondoka zake. Mwezi mzima hivyo hivyo na hakuna aliyemwandikia dawa wala kumpa ushauri.

Njoo saa kumi na mbili jioni sasa, yule yule. Ameshanunua yake, kaishika vidoleni hajaiwasha, anaigeuza geuza, anaiweka nyuma ya sikio anaitoa tena, anauliza saa kila dakika, ukichelewa kumpa chenji anafoka, mtoto akipita na mpira karibu yake balaa. Mwadhini akisikika tu tende inakwenda mdomoni kwa mkono huu na kiberiti kiko mkono ule. Wengine hata maji hawajanywa.

Mi nilikuwa najiuliza miaka yote, kwanini saa saba yuko mzima na saa kumi na mbili ni kichaa? Mtasema ni kwa sababu kakaa muda mrefu zaidi bila nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayomkamata mtu. Haya tupige hesabu. Nikotini kwenye damu inapungua nusu kila baada ya kama masaa mawili. Kavuta ya mwisho saa kumi na moja alfajiri, ikifika saa saba mchana yamepita masaa manane, yaani imekatwa nusu mara nne, imebaki moja ya kumi na sita. Kwa hiyo saa saba mchana damu yake iko karibu tupu tayari. Ile tofauti ya kutoka hapo mpaka magharibi ni ndogo sana, haiwezi peke yake kumgeuza mtu mpole kuwa mkorofi ndani ya nusu saa. Kilichobadilika ni kwamba ruhusa imekaribia. Mchana akili inajua mlango umefungwa, hakuna cha kubishana, imekaa kimya. Jioni mlango unakaribia kufunguliwa na akili imeshaamka.

Na wala sio mimi tu mwenye duka ninayesema. Kuna mtafiti wa kule Israel anaitwa Reuven Dar, wa chuo kikuu cha Tel Aviv, yeye na wenzake mwaka 2010 walitoa utafiti wa wahudumu wa ndege wanaovuta sigara. Ndani ya ndege hakuna kuvuta, hilo linajulikana. Wakawapima hamu zao kwenye safari fupi za masaa kama matatu mpaka matano na nusu, na kwenye safari ndefu za masaa kumi mpaka kumi na tatu. Ingekuwa hamu inafuata damu tu basi masaa matatu bila sigara yangekuwa sawa popote, ndege fupi au ndefu. Haikuwa hivyo. Ndege fupi ikikaribia kutua hamu ilikuwa juu kuliko ya wale wa ndege ndefu waliokuwa wamekaa muda ule ule bila kuvuta lakini bado wako mbali na kutua. Kwa hiyo kilichoongoza hamu ni muda uliobaki kabla ya kuwasha. Na kabla ya hapo, 2005, walishaangalia Wayahudi wenye kushika dini sana, ambao Jumamosi yao hawawashi moto kabisa kwa hiyo hawavuti, wakaona siku hiyo ya Sabato hali zao zilikuwa afadhali kuliko siku ya kazi walipoambiwa wakae bila kuvuta. Niliposoma hayo nikasema hawa wangekuja tu hapa Ngamiani mwezi wa Ramadhani, wangeokoa nauli za ndege.

Sasa mtu asije akanisoma vibaya akasema muuza duka kasema nikotini sio tatizo, yote ni mawazo. Hapana. Ukivuta moshi nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, kumi mpaka ishirini hivi, inagonga vipokezi vyake pale na kufungulia dopamini, ile kemikali inayouambia ubongo hiki kitu ni kizuri kirudie. Ukirudia miaka vipokezi vinaongezeka na kuzoea, sigara ikikosekana unapata arosto, hasira, usingizi unakimbia, njaa isiyoeleweka, kichwa hakishiki jambo. Hiyo ni ya mwili kweli na serikali ya Marekani ilishaandika kwenye ripoti ya mganga mkuu wao mwaka 1988 kwamba nikotini inaleta uraibu kama madawa mengine. Lakini arosto hiyo ya mwili ina kilele chake, siku ya pili ya tatu, afu inashuka, wiki tatu nne kwa watu wengi imepungua sana. Sasa mbona watu wanarudi kuvuta baada ya miezi sita? Baada ya mwaka? Damu ilishasafishika zamani. Hapo ndo panapotakiwa kuzungumzwa na hapazungumzwi, tunaishia kumwonyesha mtu picha za mapafu meusi.

Halafu nia. Watu wakisema nia nataka niwaulize hili, mwaka 2007 jarida la Science lilitoa utafiti wa Nasir Naqvi, Antoine Bechara na wenzao, waliangalia wavutaji waliopata kiharusi au madhara mengine ya ubongo. Wale walioumia sehemu moja ya ndani inaitwa insula, wengi wao waliacha sigara kirahisi kabisa, hamu ilikatika kama haijawahi kuwepo. Je hao walipata nia ya ghafla hospitalini? Si walikuwa watu wale wale na tabia zao zile zile? Ile sehemu inahusika na kuhisi hali ya mwili, ilipoharibika ile sauti ya nataka nataka ikazimika. Simwombei mtu kiharusi jamani, nasema tu kwamba hamu ina kiti chake kichwani na sio kipimo cha uungwana wa mtu. Na tafiti zimeonyesha wanaojaribu kuacha wenyewe bila msaada wowote, kama watatu mpaka watano tu katika kila 100 ndo wanakuwa bado wameacha miezi sita mpaka mwaka baadae. Tuseme wale tisini na tano wote hawana nia?

Kuna mzee mmoja fundi baiskeli hapa mtaani kwetu, simtaji jina. Tanga baiskeli ni nyingi mnajua wenyewe, kwa hiyo mzee ana kazi kutwa nzima, na kila baiskeli aliyomaliza alikuwa anaifungia na sigara. Sio kwamba alikuwa na hamu, ilikuwa ndo alama ya kumaliza, tairi imekaa, breki imekamata, anafuta mikono, anawasha. Siku moja kaja dukani, nikamwamkia shikamoo mzee, akaitika marahaba mwanangu, leo nipe bigijii. Nikamuuliza sigara je, akasema nimeacha, usinicheke. Sikucheka. Nikawa namtazama kwa mbali siku zile, na kilichonishangaza ni kwamba hakupata shida asubuhi wala usiku, shida yake ilikuwa pale pale baiskeli ikiisha. Anafuta mikono, mkono unakwenda mfuko wa shati wenyewe, haukuti kitu, anabaki kausimamisha hewani. Akaanza kushika njiti ya spoki, anaizungusha vidoleni, anaibana mdomoni kidogo, afu anachukua kazi nyingine. Na baada ya chakula cha mchana akahama, alikuwa anakaa na wenzie chini ya mwarobaini pale wanapocheza bao, akahamia kibarazani kwa shemeji yake upande wa pili wa barabara. Wenzie wakamsema anaringa. Mi nikaona huyu mzee kaelewa kitu ambacho hata tangazo la redio halijakisema.

Maana ubongo unaunganisha. Ukivuta miaka ishirini kila baada ya kula, basi kula kwenyewe kunakuwa kengele. Kahawa ni kengele, simu ikiita ni kengele, stendi unaposubiri gari ni kengele, Simba na Yanga zikicheza ndo usiseme. Wataalamu walishajaribu sigara ambazo nikotini imetolewa, moshi upo, ladha ipo, nikotini hamna, na watu wakivuta hamu inashuka kwa muda. Inashushwa na nini kama sio ile kushika, kuwasha, kuvuta ndani, kutoa? Mkono na mdomo vina kumbukumbu zao. Kwa hiyo ukimwambia mtu acha sigara afu ukamwacha kwenye kiti kile kile, saa ile ile, kikombe kile kile, watu wale wale, umemwambia asimame katikati ya kengele zote zinalia.

Na kahawa nayo ina lake lingine ambalo watu hawalijui. Sisi wa pwani kahawa chungu na kashata jioni ni ibada. Moshi wa sigara unalifanya ini liivunje kafeini haraka kuliko kawaida, ukiacha sigara ini linarudi kwenye mwendo wake wa polepole, ila wewe unakunywa vikombe vile vile. Kafeini inajaa mwilini zaidi ya ulivyozoea, moyo unakwenda mbio, usiku hulali, unajisikia wasiwasi, unasema haa hii ni arosto ya sigara bora nivute, kumbe nusu yake ni kahawa. Punguza vikombe wiki za mwanzo.

Niseme na hili la stress. Hapa dirishani sababu namba moja ninayosikia ni kaka nipe moja, nina mawazo. Nawaelewa, maisha magumu, kodi, ada, bosi. Lakini angalieni ujanja wa kitu chenyewe. Masaa mawili matatu baada ya sigara ya mwisho nikotini imeshuka, unaanza kuwashwa moyoni, hutulii, kila mtu anakuudhi. Unawasha, unatulia. Unasema sigara imenitoa stress. Kumbe imekutoa ile stress iliyoileta yenyewe, kodi iko pale pale. Mwanasaikolojia mmoja wa Uingereza, Andy Parrott, aliliuliza hili mwaka 1999, je sigara ndo inayoleta hiyo stress? Na 2014 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilitoa utafiti uliokusanya tafiti 26 pamoja, wakakuta walioacha wasiwasi wao, huzuni na stress vilipungua kulinganisha na walioendelea, na hata wenye magonjwa ya akili ilikuwa hivyo hivyo. Kwa hiyo yule anayesema nitaacha mambo yakikaa sawa anasubiri gari lililokwisha pita. Kwa mtazamo wangu hii ndo habari kubwa kuliko mapafu meusi, na kwanini haiko kwenye mabango sijui mnafikiria nini nyie wa mabango.

Sasa nyumbani. Kuna shemeji mmoja, namwita shemeji kwa heshima ya mumewe tu, alikuja dukani siku ya tatu tangu mumewe aache. Kasimama kajifunika kanga, kaongea kwa sauti ya chini, kaka nipe sigara moja. Nikashtuka, nikasema we shemeji tangu lini? Akasema sio yangu, ya bwana, nyumba haikaliki, jana kamfokea mtoto kwa sababu ya kijiko, bora avute tu tupumzike. Siku ya tatu! Yaani ndo kilele chenyewe, kesho yake na keshokutwa ingeanza kushuka. Nikamwambia shemeji vumilia mpaka Jumapili, na hapa kwangu leo sikuuzii. Alikasirika, akasema biashara yako ya nini basi. Sijui alienda duka la pili au alirudi nyumbani, sikumuuliza na sio adabu kuuliza. Lakini nani alimwambia mwanamke yule kwamba siku ya pili na ya tatu ndo mbaya zaidi na zinapita? Hakuna. Mumewe mwenyewe hakujua, alidhani ndo atakavyokuwa maisha yake yote, mtu mkali asiye na sigara. Angejua ni siku chache angeweza hata kumwambia mkewe na wanae, jamani wiki hii mnisamehe, nikipiga kelele nipeni maji nikatembee. Ile hamu kali nayo ikija haikai, dakika chache, tano mpaka kumi hivi, afu inalegea yenyewe hata usipovuta. Inakuja tena, ndio, lakini inalegea tena.

Kitu kingine kinachowaangusha watu ni ile moja ya bahati mbaya. Mtu kaacha mwezi mzima, kaenda harusini, rafiki kamwambia chukua pafu moja tu mzee, kachukua. Kesho yake asubuhi yuko dukani ananunua pakiti, sio moja, pakiti! Ukimuuliza anasema nimeshaharibu. Alan Marlatt wa Marekani, aliyesoma sana mambo ya watu kurudia ulevi, alieleza kwamba kinachommaliza mtu sio lile pafu, ni vile anavyojihukumu baada yake, najiona sina maana, mi ni mvutaji tu wa kufa, basi nivute. Hapa sisi tuna mfano wetu mzuri kuliko wa vitabu. Mtu aliyekula kwa kusahau mchana wa Ramadhani anafanyaje? Anatema kilichomo mdomoni na anaendelea na funga yake. Na aliyeumwa akala siku mbili, anazilipa baadae, hasemi kwa kuwa nimekula jana basi mwezi huu wote nimeachana nao. Hakuna Mwislamu mwenye akili zake anayefikiri hivyo kwenye funga, ila kwenye sigara tunafikiri hivyo wote, hata imamu anayemkemea.

Na hapa ndo narudi kwa masheikh zetu, kwa heshima. Kila mwaka nasikia hotuba ile ile, enyi wavutaji Ramadhani ni fursa, mmeweza mchana mnashindwaje usiku? Swali zuri, sasa lijibiwe basi. Wameweza mchana kwa sababu mchana hakuna cha kuamua, kumeshaamuliwa, na mji mzima umeamua pamoja nao. Hakuna anayewasha mbele yake, kijiwe cha kahawa kimefungwa, hakuna wa kumwambia chukua pafu. Usiku vyote vinafunguliwa kwa mpigo, futari, kahawa, baraza, bao, watu mpaka saa sita, afu yeye peke yake ndo mnataka afunge. Mtu wa namna hiyo anahitaji usiku wake upangwe kama mchana wake ulivyopangwa. Akishafuturu afanye nini dakika ile ile ya kwanza? Anyanyuke mara moja akaswali msikitini na asirudi barazani mpaka baada ya tarawehe? Akae na nani? Daku ale nini badala ya ile ya mwisho? Wawili watatu wafunge usiku pamoja, wawe kijiwe chao. Nilimwambia hivi mmoja wa wazee wa msikiti wetu akacheka akasema we muuza sigara unataka kutupangia tarawehe, lakini baadae alinirudia akaniuliza habari ya zile siku tatu.

Duka langu bado nauza, sitadanganya, watoto wanasoma kwa duka hili. Ila kuna mambo mawili nimefanya. Kiberiti kile cha gesi cha kufunga na kamba pale dirishani nimekitoa, maana kilikuwa kinawakalisha watu wavute hapo hapo na anayepita kufuata chumvi anakuta moshi, anakaa naye. Na mteja akiniambia nimeacha, namuuliza akiwa bado ametulia, siku ukinijia na hasira zako unataka nikuuzie au nikukatalie? Wengi wanasema nikatalie. Siku ikifika wananitukana, mmoja kanirushia hela ikaangukia kwenye dagaa. Lakini yeye mwenyewe ndo aliamua, akiwa na akili ya saa saba mchana, mi namshikia tu uamuzi wake mpaka hasira ya magharibi ipite. Wenzangu kwenye biashara wananiona mjinga. Kule Kenya sheria yao ya 2007 imekataza kuuza sigara chini ya kumi kwa pamoja, yaani hii moja moja yetu kule ni kosa, ingawa vibanda vyao bado vinauza. Mi siombi tuige kila kitu, ila jueni hii ya moja moja ndo inamfanya mtu aje dukani mara saba kwa siku, kila mara anakutana na wenzie wanaovuta.

La mwisho kwa wahusika wa afya. Tangu 2011 pale Muhimbili wenzetu waliokamatwa na heroini wanapata methadoni, ile dawa ya kuwatoa kwenye unga, na ushauri, jambo jema sana na limeokoa watoto wa watu. Hakuna mtu anayewaambia jikaze tu uache unga. Mvuta sigara je? Shirika la Afya Duniani liliweka dawa za kubadilisha nikotini, zile bigijii na bandiko za kubandika mwilini, kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009, na mwaka 2024 wakatoa mwongozo wao wa kwanza wa matibabu ya kuacha tumbaku, umetaja dawa na umetaja ushauri, vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu dawa inashika damu na ushauri unashika zile kengele. Tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka duniani kwa hesabu za shirika hilo hilo. Mteja wangu mmoja alizunguka maduka ya dawa ya hapa mjini akiulizia hizo bigijii za nikotini, moja wakampa bigijii ya kawaida ya mnanaa, jingine wakamcheka wakamwambia mzee acha tu.

Kwa hiyo naomba kupitia gazeti lako tujibiwe mambo haya, katika mkoa wetu wa Tanga mtu anayetaka kuacha sigara aende dirisha gani, amwone nani, siku gani, na hizo dawa zinauzwa wapi na kwa bei gani. Mkijibu kabla ya Shaabani kuisha nitaibandika dukani, pale pale nilipotoa kiberiti, na anayekuja kununua ataisoma wakati anasubiri chenji.

Wasalaam,

Muuza duka,
Ngamiani, Tanga.